Seti ya kukagulia vito: miezi saba dukani kwangu Mwanza

Nianze na hasara, maana bila hiyo hasara nisingejua kama kifaa hiki kipo duniani.

Ilikuwa Novemba, kipindi cha zile mvua za Mwanza zinazoanza saa nane mchana na kufunga mji wote. Akaingia dukani kijana nadhifu, viatu vinang'aa na mvua ile, akaniamkia "shikamoo mama" kwa adabu zote. Alikuwa na pete ya kike ya dhahabu nyeupe yenye jiwe moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko. Alitaka tubadilishane kwa mkufu wa kumvisha mchumba. Pete ilikuwa ya marehemu bibi yake, akasema, na jiwe ni almasi ya Mwadui, kwa kuwa babu alifanya kazi mgodini enzi za Williamson.

Sisi watu wa kanda hii ukitutajia Mwadui umeshatulainisha nusu. Mgodi ule una hadithi zake za kweli. John Williamson, Mkanada, aliugundua mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, likakatwa likabaki karati 23.6, likawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ukienda Shinyanga kila ukoo una babu aliyepita Mwadui. Kwa nini huyu asiwe naye?

Nikachukua kalamu yangu ya umeme ya kupimia almasi. Nikaigusisha ncha kwenye jiwe, taa zikapanda moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, ikalia. Nikarudia mara tatu, ikalia mara tatu. Nikatoa mkufu wa gramu sita na nusu, kijana akashukuru, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye shemeji yangu alipita Mwanza kwenye msiba. Yeye ni broka wa mawe Arusha, mwenye leseni, mtu ambaye akishika jiwe hata chai anaiacha ipoe. Nikamwonesha pete kwa majivuno. Akaomba lenzi yangu, ile ya mara kumi niliyo nayo tangu 2009, akaikaza jichoni, akaiinamisha pete kidogo upande. Sekunde kumi hazikufika.

"Shemeji, mistari ya nyuma iko miwili miwili. Hii siyo almasi."

Akanipa nitazame mwenyewe. Ukitazama jiwe lililokatwa, ndani unaiona mikato ya chini, zile kingo ambapo uso mmoja unakutana na mwingine. Kwenye almasi kila ukingo ni mstari mmoja. Kwenye jiwe langu kila ukingo ulikuwa na mwenzake pembeni, kama reli. Miaka yote ile lenzi ilikuwa shingoni kwangu na sikuwahi kujua natakiwa kutafuta kitu hicho. Mimi ni sonara. Nilifundishwa kuchomelea, kusafisha, kupima dhahabu kwa asidi. Mawe tulikuwa tukiyapandisha tu kwenye pete kama yalivyoletwa.

Jiwe lenyewe ni moisanaiti. Ni muungano wa silikoni na kaboni. Henri Moissan, mkemia wa Ufaransa, aliikuta mwaka 1893 katika vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona, Marekani, lakini hii ya kwenye pete hutengenezwa maabara. Kalamu yangu haikuwa mbovu. Kazi yake ni kupima jinsi joto linavyokimbia ndani ya jiwe. Almasi inalipitisha joto haraka mno, na moisanaiti nayo inalipitisha haraka kiasi cha kuidanganya kalamu. Kioo na zirkonia, lile jiwe la kutengenezwa linaloigiza almasi, kalamu inavikataa vizuri tu. Moisanaiti inaikubali na kuipigia king'ora. Kwa hiyo kama una kalamu ya aina hii dukani na ndiyo tegemeo lako la pekee, soma mpaka mwisho.

Shemeji ndiye aliyeniambia ninunue seti. Niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar es Salaam, shilingi 165,000 pamoja na nauli ya kifurushi, nikaipokea stendi ya Nyegezi baada ya siku nne. Ndani ya boksi mlikuwa na polariskopu ndogo yenye taa chini na vichujio viwili vyeusi, daikroskopu ya ukubwa wa kidole gumba, kishikio cha jiwe, kitambaa, karatasi ya maelekezo, na kipande cha kalsaiti ambacho kwenye tangazo kiliandikwa "zawadi".

Naanza na zawadi, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Kalsaiti ni ndugu wa chokaa, madini yale yale yaliyo kwenye marumaru, ila hii ni safi na inapitisha mwanga kama kioo. Umbo lake ni boksi lililosukumwa likaegemea upande. Niliiweka juu ya risiti ya mashine ya EFD, ile ya mamlaka ya kodi, TRA, iliyokuwa mezani. Kila herufi ikawa mbili. Jumla ya shilingi 38,000 ikasimama mara mbili, moja juu kidogo ya nyingine. Binti ninayemfundisha kazi akachungulia, akasema, "Mama, TRA wasije wakaiona hii, tutalipa mara mbili."

Sasa izungushe polepole bila kuinyanyua. Taswira moja inabaki palepale kana kwamba hakuna kilichotokea, nyingine inaizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kipande changu kina unene wa sentimita mbili na herufi zinaachana kama milimita mbili. Nilikaa nacho nusu saa, wateja wakiniona nazungusha jiwe juu ya risiti kama mganga.

Mdenmark Erasmus Bartholin aliandika juu ya ajabu hii mwaka 1669, kwa kalsaiti iliyotoka Iceland. Mholanzi Huygens akaja na maelezo ya mawimbi mwaka 1690. Nilichoelewa mimi, nikakitafsiri kwa lugha ya ziwani, ni hiki. Chukua kamba ya mtumbwi, ifunge kwenye nguzo pale mwaloni, ushike ncha uitikise. Unaweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto. Mwanga nao unatikisika hivyo, na mwanga wa kawaida umechanganya mitikisiko ya kila upande. Ukiingia kwenye kioo, mitikisiko yote inakwenda kwa mwendo mmoja, hivyo unapinda mara moja tu. Ukiingia kwenye kalsaiti, mambo si sawa pande zote: humo atomi za kaboni na oksijeni zimekaa bapa, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo mtikisiko wa upande huu unacheleweshwa kuliko wa upande ule. Mwanga unagawanyika. Miale miwili, kila mmoja na mtikisiko wake, kila mmoja na mpindo wake. Wanaopima mpindo huo hupata 1.658 kwa mmoja na 1.486 kwa mwingine, tofauti ya 0.172, ambayo ni kubwa sana. Kwenye kwatzi tofauti ni 0.009 tu. Ndiyo maana ukiweka amethisti, ambayo ni kwatzi ya zambarau, juu ya risiti huoni herufi mbili, ingawa nayo inagawanya mwanga vilevile.

Nikafanya la pili. Mume wangu ana miwani ya polaraizi, yaani inayopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, anayovaa akivuka kwenda Ukerewe, kwa sababu mng'ao wa ziwa unamuumiza macho. Niliiweka juu ya kalsaiti nikaizungusha. Herufi za kwanza zikafifia mpaka zikapotea, zikabaki za pili. Robo mzunguko nyingine, za pili zikapotea zikarudi za kwanza. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kweli ni mianga miwili tofauti, siyo kivuli cha mmoja.

Nasema haya yote kwenye tathmini ya bidhaa kwa sababu karatasi ya maelekezo haisemi hata moja. Imeandikwa Kichina upande mmoja, na upande wa pili Kiingereza ambacho nadhani nacho kimepita kwenye kalsaiti.

Tuje kwenye polariskopu. Kifaa ni rahisi: taa chini, kichujio cha polaraizi kama kioo cha miwani ile, nafasi ya kuweka jiwe, kichujio kingine juu. Unazungusha cha juu mpaka giza liingie, maana hapo vichujio vimepishana na mwanga wa kimoja hauwezi kupita kwenye kingine. Ndipo unaweka jiwe katikati unalizungusha mzunguko mzima. Jiwe lisilogawanya mwanga, kama almasi, ganeti, spineli au kioo, linabaki giza muda wote. Jiwe linalogawanya, kama rubi, zumaridi, amethisti, tomalini, zirkoni au tanzanaiti, linawaka na kuzima, mara nne kwa mzunguko mmoja. Ukiona mara ya kwanza amethisti inakukonyeza namna ile utacheka peke yako.

Siku ya kwanza nilipima kila kitu kilichokuwa kwenye kopo la mawe yaliyoanguka. Kila sonara ana kopo hilo. Mawe "mekundu" kumi na nne, nikapata tisa giza tupu, na nyingi ya hizo nikizitazama kwa lenzi zina viputo vya hewa: kioo. Zaidi ya nusu ya kopo langu la "yakuti" siyo yakuti, na nyingi ni chupa.

Lakini kuna mitego, na nimeingia yote.

Wa kwanza: jiwe linalogawanya mwanga lina mwelekeo mmoja au miwili ambapo haligawanyi. Ukilitazama kwa njia hiyo linakaa giza kama kioo. Nilikaribia kumwambia mama mmoja wa Kirumba, mfanyabiashara wa dagaa, kwamba amethisti yake ni chupa, kumbe nililiweka jiwe vibaya. Nikaligeuza ubavu, likakonyeza. Tangu siku ile kila jiwe naliangalia kwa pande tatu kabla ya kufungua mdomo.

Na huu mtego unagusa moja kwa moja ile moisanaiti. Wakataji wanajua mistari miwili itawaumbua, hivyo kwa kawaida wanalikata jiwe ili uso wa juu ukae kwenye ule mwelekeo usiogawanya. Ukichungulia wima kupitia juu, kila ukingo ni mmoja, safi, almasi tupu. Shemeji aliinamisha pete kwa sababu hiyo, akachungulia kupitia mikato ya pembeni. Kama hutakumbuka kingine katika maelezo haya, kumbuka kuinamisha.

Mtego wa pili ni ganeti na vioo vyenye mkazo ndani. Vinatakiwa viwe giza, lakini vinaonesha mabaka ya mwanga yanayotambaa kama nyoka ukivizungusha. Hiyo siyo kukonyeza. Jiwe la kukonyeza linawaka lote na kuzima lote. Mkazo hufanya hata kitu kisicho fuwele kigawanye mwanga, jambo ambalo Mskoti David Brewster alilionesha kwenye kioo zaidi ya miaka 200 iliyopita. Chukua rula ya plastiki ya mtoto wa shule, ile inayoonyesha, iweke kati ya vichujio: utaona michirizi ya rangi za upinde wa mvua imejaa pembeni na kwenye tundu, pale plastiki ilipobanwa ikiwa ya moto kiwandani. Ikunje kidogo, rangi zinakimbia. Vioo vya madirisha ya pembeni ya magari navyo, ukivaa miwani ya polaraizi siku ya jua, unaviona na madoa yaliyopangwa. Kioo hakijaharibika, ni alama za namna kilivyopozwa ghafla ili kiwe kigumu. Nilikuwa nimeshagombana na mwosha gari wa watu kuhusu madoa hayo. Nimemwomba radhi.

Wa tatu ni mdogo: akiki na mawe ya jamii hiyo yamejaa chembe ndogondogo zilizoelekea kila upande, hivyo yanabaki yamewaka mzunguko mzima. Usishtuke.

Malalamiko yangu kuhusu polariskopu hii hasa, siyo aina yake. Taa ni hafifu na ya manjano. Mchana karibu na mlango haina kazi, inabidi niingie chumba cha ndani. Betri mbili zilikufa ndani ya wiki, sasa naweka tochi ya simu chini. Kichujio cha juu kinakwaruzika ovyo, nimeshakiwekea mikwaruzo miwili kwa kibano. Na kubwa kuliko yote: nafasi ya kati ni finyu. Jiwe tupu linaingia, pete nzima inagoma. Kwa sonara hilo ni tatizo, maana mawe tisa kati ya kumi yanakuja dukani yakiwa yameshapandishwa. Nilikata plastiki ya upande mmoja kwa msumeno wa kukatia dhahabu, sasa pete inaingia kwa ubavu. Haipendezi ila inafanya kazi. Kishikio cha jiwe kilikuja kimelegea, na muuzaji nilipomwandikia, tiki mbili za bluu, kimya. Mpaka leo ni kimya.

Daikroskopu ndiyo iliyostahili pesa yangu.

Ni kibomba tu. Ndani kuna kipande kirefu cha kalsaiti, mwisho wa mbele kuna tundu la mraba, nyuma kuna lenzi. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona miraba miwili iliyokaa bega kwa bega, yaani tundu lile lile moja limegawanywa kama herufi za risiti yangu. Kila mraba unabeba mtikisiko mmoja. Kuna mawe yanayonyonya rangi tofauti kwa kila mtikisiko, basi unaona rangi mbili kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, na jicho halina pa kudanganyikia.

Weka tanzanaiti. Mraba mmoja bluu, wa pili zambarau. Geuza jiwe upande mwingine, rangi zinabadilika tena, kwa sababu tanzanaiti ina rangi tatu, ila kibomba kinaonesha mbili kwa mara moja. Ile ya tatu, ya kahawia, kwa kawaida huoni kwenye mawe ya dukani kwa sababu yameshachomwa moto ili bluu itawale. Niliwahi kuoneshwa moja ambayo haijachomwa: bluu huku, kahawia ya chai ya rangi kule, jiwe lile lile. Tangu 1967 jiwe hili linachimbwa Mirerani na bado asilimia kubwa ya wateja wangu wanaliita "ile bluu ya Arusha". Sasa weka kioo cha bluu: miraba miwili, rangi moja, geuza utakavyo. Kesi imeisha kwa sekunde tano, na pete haijavuliwa jiwe.

Mwezi wa tatu alikuja mwalimu mstaafu kutoka Nansio na pete nyekundu aliyopewa na mume wake miaka arobaini iliyopita. Alitaka niikaze makucha yanayoshika jiwe, tena akasema mara mbili, "Mwanangu, angalia, hiyo ni rubi." Makucha matatu kati ya manne yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo jiwe nililitoa. Rubi kwenye daikroskopu inatoa mraba mwekundu wenye zambarau na mwingine mwekundu wenye machungwa. Hii ilitoa nyekundu mbili pacha. Pande tatu, pacha. Polariskopu: giza, pande zote. Viputo: hakuna.

Nilimweleza taratibu kwamba siyo rubi, ila inaweza kuwa spineli au ganeti, na kwamba spineli nyekundu ya Mahenge ina heshima yake kubwa sokoni. Akanyamaza. Akasema, "Yeye alijua?" Nikamwambia, bibi, zamani hata kwenye mataji ya wafalme spineli ziliitwa rubi na hakuna aliyejua. Hilo ni kweli: lile jiwe kubwa jekundu la mbele kwenye taji la Uingereza, wanaloliita rubi ya Mwana Mfalme Mweusi, ni spineli. Akacheka kidogo. Nilimshauri akitaka uhakika alipeleke kwenye maabara ya vito Arusha. Akasema hana haja, nimkazie tu makucha asije akaipoteza kwenye meli.

Nimeileta habari hiyo ili muone mpaka wa kifaa. Seti hii inakwambia jiwe siyo nini, mara nyingi haikwambii ni nini. Giza kwenye polariskopu ni almasi, au zirkonia, au kioo, au spineli. Almasi iliyotengenezwa maabara nayo inakaa kama ya Mwadui, kwa sababu ni almasi kweli. Hapa seti haina msaada wowote, na anayekuuzia akisema ina msaada anakudanganya. Jiwe lililozibwa nyuma na dhahabu halipitishi mwanga, halipimiki kwenye polariskopu. Jiwe lisilo na rangi halina cha kuonesha kwenye daikroskopu.

Ninachofanya sasa jiwe jeupe likija: kalamu kwanza, kuondoa kioo na zirkonia. Ikilia, lenzi, kwa kuinamisha, nitafute reli. Moisanaiti ina tofauti ya mipindo ya 0.043, inatosha kuonekana kwa lenzi ya mara kumi. Zirkoni ya asili, 0.059, inaonekana hata kwa lenzi mbovu. Kwa hiyo, nikiwa mkweli, ile pete iliyoniliza ingekamatwa na lenzi niliyokuwa nayo shingoni, bila kununua chochote. Seti nimeinunua kwa ajili ya mawe ya rangi, ambako tofauti ni ndogo na lenzi haioni kitu.

Kwa asiye na 165,000: nusu ya seti unaweza kuitengeneza. Nenda kwa machinga wa miwani Makoroboi, omba miwani mbili za polaraizi, na kabla ya kulipa zipishanishe kioo kwa kioo, moja wima moja mlalo. Zikienda giza totoro, ni za kweli. Zikibaki kijivu ni rangi tu, rudisha. Mimi ya nne ndiyo ilikuwa ya kweli, shilingi 8,000, na machinga alishangaa kuliko mimi, akaanza kuzipima zote alizobaki nazo. Skrini bapa ya kompyuta nayo inatoa mwanga uliokwisha kuchujwa, kwa hiyo fungua ukurasa mweupe, shika jiwe mbele yake, tazama kupitia miwani moja uliyoizungusha mpaka skrini iwe giza, umepata polariskopu. Pete nzima inaingia, tena bila msumeno.

Daikroskopu huwezi kuitengeneza kirahisi. Hiyo nunua. Na ukiinunua, nenda nayo Kamanga kivukoni saa kumi na robo jioni, jua likiwa halijashuka sana, uielekeze kwenye mng'ao wa maji, siyo kwenye jua lenyewe. Mraba mmoja unawaka, wa pili umefifia. Zungusha kibomba robo, vinabadilishana. Mwaka 1808 Mfaransa Malus aliona jambo hilihili Paris, kwa kalsaiti na jua la jioni lililorudi kutoka madirisha ya jumba la Luxembourg. Mng'ao wa maji unatikisika kwa kulala, ndiyo maana miwani ya mume wangu inauzima. Nilisimama pale kivukoni na kibomba jichoni, mlinzi akaja kuniuliza napiga picha ya nini. Nikampa atazame. Alikaa nacho muda mrefu kuliko mimi.

Pete ya yule kijana ninayo bado. Siiuzi. Binti ananifuata nayo kila mgeni anapouliza, anamwonesha reli, na kipande cha kalsaiti kiko kaunta juu ya risiti, ingawa kimeshachubuka pembe, kwa kuwa kalsaiti ni laini na watoto wa wateja hawana huruma.

Daikroskopu nyota tano. Polariskopu tatu, na moja kati ya hizo ni ya msumeno wangu. Kwa pamoja naipa nne, na hata hiyo ya nne naishikilia mpaka muuzaji ajibu meseji ya kishikio.